Kabla hamjanunua rangi

Dada mmoja wa huku kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambaye sasa anaishi Ujerumani, ameniandikia ujumbe. Kanisa analosali huko lina vijana wanaotaka kuja Julai kukarabati madarasa ya shule ya msingi aliyosoma yeye. Nauli wameshachanga. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, darasa moja linakula ndoo ngapi za rangi?"

Nilimjibu kwa kurekodi sauti, nikaongea weee, na mwisho nikagundua kwamba swali lenyewe la rangi bado sijaligusa. Basi nimeona niandike hapa, maana wenye mpango kama wake ni wengi. Kuna ninyi Watanzania mlioko nje mnaoleta marafiki zenu nyumbani, na kuna ninyi wa Dar ambao ofisi zenu zinataka kurudisha kwa jamii kwa siku moja ya fulana na brashi.

Mimi ni fundi mwashi. Nilipita VETA, chuo cha ufundi, hapa Moshi, nikatoka na cheti na mwiko, na tangu hapo nimejenga karibu kila kitu ambacho mtu wa mteremko huu anajengewa: nyumba, banda la ng'ombe, tangi la maji, kaburi (kaburi la marumaru lina hela kuliko choo cha shule, mtanisamehe). Madarasa yameniingia kwa njia ya wageni. Kikundi kimoja kilihitaji fundi, mwalimu mkuu akanitaja, nikafanya, kikundi kingine kikasikia. Sasa ikikaribia Julai simu yangu inaita kwa namba ndefu nisizozijua, na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji ya kunywa.

Kwa nini Julai? Kwa sababu ndiyo likizo yao. Yetu si hiyo. Shule zetu zinafunga Juni na kufungua mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo wageni wanafika watoto wakiwa ndiyo kwanza wamerudi madarasani. Mwalimu mkuu hana ujanja. Darasa la tatu linahamia kwa la nne, au wanakaa chini ya mparachichi na ubao wa kuegemeza. Na Julai ya huku juu si ya mchezo: asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani na watoto wamevaa sweta juu ya sweta. Mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa darasa. Chukua madarasa mawili ambayo kila moja limeshapita hapo, uyaunganishe, kisha usimame mlangoni umtazame mwalimu. Sijasikia kikundi hata kimoja kikiuliza, kabla ya kukata tiketi, watoto watakaa wapi wakati wao wanapaka. Likizo ya Desemba ni ndefu na ina jua, ingefaa sana, lakini wenzetu wana Krismasi yao. Na sisi Wachaga tuna yetu. Tarehe 24 Desemba utampata fundi gani Kibosho aliye tayari kushika mwiko?

Tuingie shuleni.

Ukifika kwenye shule ya zamani ya huku, tazama kwanza majengo yalivyopangana kwa umri. Mara nyingi kuna jengo la mawe la wamisionari, kuta nene, madirisha marefu. Hilo limezeeka vizuri. Shule za misheni zilitaifishwa miaka ya 1960 ikielekea kuisha, majengo yakabaki palepale na yanaendelea kufanya kazi. Pembeni kuna madarasa ya UPE, ya kuanzia 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoingia na vijiji vikatakiwa kuongeza vyumba haraka. Hayo yalijengwa kwa msaragambo. Wazazi walibeba mawe kutoka mtoni, kina mama mchanga kichwani, fundi wa kijiji akalipwa kidogo na kibuyu cha mbege. Kisha yanafuata ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, ada ilipofutwa na watoto wakafurika. Na ukitoka barabarani, kwenye sekondari ya kata, utayaona yale ya fedha za Uviko za mwaka 2021, milioni 20 kila darasa, madarasa 15,000 nchi nzima.

Yanayoita fundi ni ya katikati, ya UPE na ya MMEM. Si kwamba wazee wetu walikuwa wazembe. Waliambiwa haraka, wakajenga haraka, kwa saruji iliyopatikana, na kipindi kile cha vita vya Kagera na miaka iliyofuata saruji ilikuwa bidhaa ya kuwindwa. Nimewahi kubomoa ripu (plasta ya ukutani) ya darasa la UPE nikakuta tofali zimeunganishwa kwa udongo mtupu wa shambani, saruji ni ngozi ya juu tu. Na ukuta ulikuwa umesimama wima, timazi inakaa. Nilimvulia kofia huyo mzee, popote alipo.

Kinachoua darasa ni maji. Mchwa anasaidia na watoto wanasaidia, lakini anayeua ni maji.

Yapo yanayoshuka na yapo yanayopanda. Yanayoshuka kila mtu anayaona: bati la geji 30 limeliwa na kutu kwenye misumari, tone linaangukia daftari, mtoto anasogeza dawati. Yanayopanda ndiyo yanayowapita wageni. Ukitaka kuyaona, toka nje, nenda upande wa juu wa mteremko, uchuchumae chini ya dirisha. Utakuta ardhi imepanda. Jengo lilipokuwa jipya, mlango ulikuwa na vipandio viwili, leo kimebaki kimoja au hakuna. Masika baada ya masika udongo mwekundu umeteremka kutoka juu, na asubuhi baada ya asubuhi watoto wanaofagia uwanja wameusogeza ukutani. Sakafu ya ndani sasa iko chini kuliko uwanja wa nje. Kwenye msingi hakuna nailoni ya kuzuia unyevu, wakati ule nani aliijua. Tofali linanyonya, maji yanapanda mpaka usawa wa kiuno, yanatokea upande wa ndani yakiwa yamebeba chumvi. Pitisha kidole ukutani, unatoka na unga mweupe. Gonga ripu kwa mpini wa mwiko, inalia tupu. Imeshaachana na ukuta siku nyingi, inasubiri sababu tu.

Sasa mtu akija na rola akaufunika ukuta huo kwa rangi, siku ya picha unapendeza. Mvua zikianza Machi, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inavimba kama chapati kikaangoni, halafu inapasuka. Nimeitwa kwenye shule iliyopakwa Julai, na Mei iliyofuata rangi ilikuwa inabanduka kwa vipande vikubwa huku ripu imeng'ang'ania nyuma yake. Ukuta ulikuwa na hali mbaya kuliko kabla haujasaidiwa. Kwenye kona moja wageni na watoto walikuwa wamebandika viganja vyao kwa rangi mbalimbali, na majina chini yake. Vilikuwa vimebaki vidole.

Dawa ipo, ila haina hata picha moja nzuri. Unachimba udongo kandokando ya ukuta mpaka uuone msingi. Unamwaga zege kuzunguka jengo, lenye mwinamo wa kutoa maji ukutani, na mtaro wa kuyapeleka mbali. Unafunga gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, kwenye fasha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, maji ya bati yanaingia kwenye tangi, ambalo shule inalihitaji kwa vyoo na kunawa hata kama ukuta ungekuwa mkavu. Ndani unabomoa ripu iliyooza mpaka juu ya pale unyevu ulipoishia, unauacha ukuta uchi. Halafu unasubiri, na kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Ukuta uliokunywa maji miaka arobaini haukauki kwa wiki. Ukiniambia rangi inapakwa Julai, mimi ripu nataka kuibomoa Januari au Februari, jua la Moshi likiwa kali. Masika ipite, tuone mtaro umefanya kazi, ndipo Juni nipige ripu mpya. Darasa linatumika muda wote huo. Mtoto anasoma vizuri tu kwenye chumba chenye ukuta uchi, alimradi hakivuji.

Hebu nieleze kitu kingine ambacho hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza: ubao.

Ubao wa shule zetu nyingi si mbao. Ni ripu iliyopigwa niru, ile saruji ya kulainishia juu, ikawa laini, ikapakwa rangi nyeusi. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulikuwa tunaupaka wenyewe, kwa mkaa uliotwangwa na unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu za redio, mikono inakaa michafu siku kadhaa. Siwashauri, ile betri ni sumu. Lakini ubao ule ulikuwa unaandikika.

Kikundi kimoja kiliona ubao umepauka kikataka kuupendezesha. Wakatafuta rangi nyeusi ya mafuta, ile ya kung'aa tunayopaka mageti. Wakaupaka vizuri kweli, huoni hata njia ya brashi. Kesho yake mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima asiyependa makuu, akaingia na chaki kuandika tarehe. Chaki ikateleza. Akakandamiza, ikaandika nusu. Hakusema neno. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka dawati la mwisho la kona, upande wa mlangoni.

"Fundi, kaa."

Nikakaa, magoti yakagonga meza.

"Soma."

Nikatazama ubaoni nikaona dirisha. Dirisha zima la upande wa pili lilikuwa limeingia ndani ya ubao, na migomba yake, na tarehe imepotelea kwenye mwanga.

"Hapo ulipo anakaa mtoto mpaka Desemba," akasema. "Nimwambie nini?"

Tuliukwangua kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, tukapaka rangi ya ubao isiyong'aa, mara mbili, tukauacha ukauke sawasawa. Kabla haujaandikwa herufi yoyote tukalaza chaki ubavu tukaupitisha ubao mzima, tukafuta. Ukiruka hatua hiyo, maandishi ya siku ya kwanza hayatoki. Yule mama akaja tena, safari hii akakaa mwenyewe kwenye lile dawati la kona. Akainuka, akaenda kuendelea na kipindi. Nilichukulia kwamba ni asante.

Sakafu sitaisema sana. Mashimo ya sakafu yanafuga vumbi, vumbi linafuga funza, na mtoto asiye na viatu anaondoka nao nyumbani. Kuziba mashimo kwa kupaka saruji nyembamba juu ni kupoteza mfuko. Inapasuka na kuchomoka kabla ya muhula kwisha. Chonga, safisha, lowesha, mwaga upya, piga niru, kisha mwagilia maji wiki nzima bila mtu kukanyaga. Wageni wengi wanakaa wiki mbili. Kwa hiyo sakafu iwe imekwisha kabla ndege yao haijatua KIA, la sivyo watakuwa wanaizunguka kwa vidole vya miguu huku mimi nawafokea.

Haya, rangi. Dada yangu, darasa la kawaida linakula ndoo moja. Ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya maji inapaka sehemu ya juu ya kuta mara mbili na inabaki. Sehemu ya chini, futi nne kutoka sakafuni, paka rangi ya mafuta, galoni mbili, kahawia au bluu iliyokolea. Najua vijana wako watataka rangi ya chungwa mpaka chini. Watoto wetu wanaegemea ukuta wakiwa wametoka kucheza mpira kwenye udongo mwekundu. Mwalimu mkuu akisema kahawia, ana sababu, na sababu hiyo inafutika kwa kitambaa chenye maji. Juu pakeni malai au nyeupe, darasa halina umeme wa uhakika, ukuta mweupe ndiyo taa yetu.

Ukijumlisha, rangi ni sehemu ndogo sana ya hela ya kufufua chumba kimoja. Ndiyo maana nilikasirika kidogo kwenye ile sauti niliyokurekodia. Nisamehe. Si wewe peke yako. Kila anayenipigia anaanza na rangi, kwa sababu rangi ndiyo kazi ambayo mtu asiye na ufundi anaweza kuifanya siku tatu akaona matokeo. Kazi inachaguliwa kulingana na mikono inayokuja. Chumba hakiulizwi.

Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Pippa Biddle, aliandika mtandaoni habari iliyosomwa sana. Alipokuwa mwanafunzi alikuja Tanzania na wenzake kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima. Mchana walikuwa wanapanga tofali, na usiku mafundi wanazibomoa na kuzipanga upya, ili wageni wakiamka wasijue. Nimesimuliwa kisa hicho na wageni wangu mwenyewe, kwa huruma kubwa, kana kwamba kitanishangaza. Mimi kilichonigusa ni saa. Wale mafundi walikuwa wanajua wanachofanya. Usiku wa siku ileile saruji ya kuunganishia tofali bado mbichi, tofali linang'oka zima na linatumika tena. Ukisubiri mpaka siku ya tatu umepoteza tofali na umepoteza saruji. Swali langu ni moja: hiyo zamu ya usiku waliandikiwa posho? Nani alimlipa saidia fundi aliyekuwa ameshika tochi?

Kwa sababu hapo ndipo panapouma. Kwenye kijiji chochote cha huku kuna vijana wanaoamka asubuhi kutafuta kibarua. Kubeba mchanga, kuchota maji, kuchanganya zege, hiyo ndiyo riziki yao, na ndiyo shule yao pia. Mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba karai. Wakija wageni ishirini kubeba mchanga bure, kijana huyo anasimama ng'ambo ya uzio anatazama kibarua chake kikibebwa na mtu aliyelipia nauli ili akibebe. Siku hizi nina sharti: vibarua wangu wanaandikwa na wanalipwa kama kawaida, wageni wawepo wasiwepo. Mgeni akibeba mchanga, anambebea kibarua wangu, si badala yake. Vikundi vingine vimekataa na tumeachana kwa amani. Vingi vinakubali, tena vinaona haya kwamba havikuwaza.

Kuna watakaosema basi wangetuma hela tu, nauli ya mtu mmoja ingefanya mengi. Hesabu ni kweli. Ila mimi nimekaa kwenye mambo haya muda wa kutosha kujua kwamba hela "tu" haiji. Mtu hachangii mtaro wa zege wa shule asiyoijua. Anachangia akishakaa kwenye lile dawati, akishakula machalari ya mama wa jirani, akishaitwa jina lake vibaya na watoto wa darasa la kwanza. Kikundi kimoja cha walimu wastaafu walikuja wakapaka, wakaondoka, na miaka iliyofuata wakatuma fedha za vyoo vya wasichana bila hata mmoja wao kupanda ndege. Hao nawaombea.

Na wapo wanaokuja na ufundi wao. Alikuja babu mmoja Mwingereza, fundi mapaa mstaafu, akiwa na wajukuu wa shule yao. Wenzake wakaanza kufungua makopo ya rangi. Yeye akaomba tochi, akapanda kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Akakaa huko juu muda mrefu mpaka mwalimu mkuu akaingiwa na wasiwasi. Aliposhuka, nywele zina utando wa buibui, akanivuta akanionesha: miguu ya kenchi mbili pale inapokalia ukuta ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani, nje imebaki ganda. Mimi nilikuwa nimeitazama kutoka chini nikaona mbao nzima. Kesho yake rangi ikasimama, tukaenda kununua mbao za mbili kwa nne na dawa ya mchwa, na siku zilizobaki yule babu alikuwa juu na vijana wawili wa kijiji akiwaonesha kuunga mguu mpya bila kushusha paa. Kiswahili chake kilikuwa "mambo" na "pole pole". Mmoja wa vijana wale leo anapaua nyumba za watu mpaka Himo.

Kuhusu taratibu, nitazipita haraka. Anza na mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha serikali ya kijiji, na mhandisi wa halmashauri aone kabla hamjagusa paa au ukuta. Jengo ni la serikali, hata kama anayelipa ni kanisa lenu. Wageni wasije kwa viza ya utalii wakashika mwiko. Uhamiaji wana kibali cha kujitolea, na wakati mwingine wanafika shuleni kuuliza. Picha za watoto, muulizeni mwalimu. Vifaa nunueni Moshi mjini, risiti ziwe za jina la shule.

Na tengeni hela ya baadaye. Serikali inapeleka fedha za uendeshaji kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na humo humo mna vitabu, mitihani, michezo, karatasi na ukarabati mdogo. Shule ya watoto mia nne ifanye hesabu yake, fungu la ukarabati likitoka ni vitasa vya milango na vioo viwili vitatu. Gata likidondoka, linadondoka moja kwa moja. Mimi nawaambia wageni waweke pembeni hela ya gata, mabano na rangi ya ubao ya miaka mitatu, ikae kwenye akaunti ya shule kwa maelewano na kamati.

Tena waache ngazi. Kwenye shule moja niliyoifanyia kazi kikundi kiliacha ngazi ndefu ya aluminiamu, kwa sababu haikuwezekana kusafiri nayo, na hicho ndicho kitu kilichosaidia kuliko vyote walivyoleta. Gata la huku linajaa majani ya mgrivelia, lisiposafishwa kabla ya mvua maji yanafurika nyuma na kurudi kulekule ukutani. Bila ngazi nani atapanda? Shida ni kwamba kijiji kizima kimeipenda. Inaazimwa kuvunia maparachichi, kufungia antena, juzi ilikuwa kwenye harusi ikining'iniza mapambo. Kamati imeanzisha daftari: jina, tarehe, sahihi, na faini ya elfu mbili ukichelewesha. Nimelisoma daftari jana. Ngazi iko kwa Mangi wa dukani tangu Jumatatu, hajasaini popote, na vuli inakaribia. Nimempigia, amesema anamalizia kupaka rangi ubao wa duka lake na Jumamosi ataileta mwenyewe kwa toroli.